Kabla ya kulipia trekta kuukuu, liwashe likiwa la baridi

KILA mwaka mvua za Novemba zinapokaribia, wakulima wengi wa Katavi waliopata akiba katika mahindi, mpunga au tumbaku hujiuliza swali moja: waendelee kukodi trekta, au wanunue la kwao? Kwa kuwa trekta jipya lina bei kubwa, wengi hugeukia lililotumika.

Matrekta kuukuu yanayojulikana zaidi kwa mafundi wetu ni yale mekundu ya Massey Ferguson. Namba 135, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu, lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1964 hadi katikati ya miaka ya 1970. Namba 290, lenye silinda nne na nguvu zaidi, lilikuja baadaye. Hata lile 135 la mwisho kutoka kiwandani ni la zamani sana, lakini umri peke yake si sababu ya kulikataa. Matrekta ya ukoo huo yaliendelea kutengenezwa Pakistan na India, hivyo spea zake zinapatikana na fundi wa kawaida anaweza kulifungua na kulifunga.

Hapo ndipo penye hoja ya kiuchumi. Gharama ya trekta kuukuu si bei ya siku ya kununua tu. Kuna pia gharama ya siku litakazosimama wakati wa kulima.

Tuchukue mfano. Mkulima analima kwa kukodisha kwa Sh60,000 kwa ekari. Akiondoa dizeli, oili na posho ya dereva anabakiwa na Sh25,000. Kwa ekari sita kwa siku, hiyo ni Sh150,000. Trekta la kwanza linauzwa Sh20 milioni na la pili Sh17 milioni. Kama hilo la bei nafuu litasimama siku 20 katika msimu likisubiri spea, limekula Sh3 milioni, yaani tofauti yote ya bei, kabla hata ya kumlipa fundi. Na shamba la mwenyewe lililochelewa kupandwa bado halijahesabiwa. Kwetu msimu wa mvua ni mmoja. Aliyekosa Desemba hana vuli nyingine ya kumwokoa.

Somo hili si geni katika nchi hii. Mpango wa karanga wa Serikali ya Uingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947 na kufika hadi Urambo, jirani zetu wa Tabora, ulitumia mitambo mingi iliyobaki kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Mingi iliharibika na spea zikakosekana. Mpango ulifutwa mwaka 1951. Ulikuwa na kasoro nyingi nyingine, lakini mitambo michovu iliyo mbali na spea ilikuwa mojawapo.

Injini

Mwambie muuzaji asiliwashe trekta kabla hujafika. Fika asubuhi na ushike injini kwa mkono. Kama ni ya moto, rudi siku nyingine, kwani injini iliyochoka huficha ugonjwa wake ikishapashwa moto.

Likiwaka, tazama moshi. Moshi mweusi usiokoma huashiria nozeli mbovu au chujio la hewa lililoziba. Wa bluu maana yake injini inakula oili, na mara nyingi ringi za pistoni zimekwisha. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto unaweza kuwa dalili ya maji kuingia kwenye silinda au injini kukosa mgandamizo. Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma. Ikitoa moshi kwa kishindo, jiandae kuifungua yote.

Kabla ya kuwasha, chungulia maji ya rejeta. Utando wa oili juu yake, au oili yenye rangi ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, ni ishara kwamba maji na oili vimekutana. Hilo linaweza kuwa gasketi tu, au silinda hedi iliyopasuka.

Haidroliki, gia na matairi

Usikubali kujaribu trekta barabarani tu. Omba lifungwe jembe la sahani na lilime mistari michache. Gia inayochomoka yenyewe, au klachi inayoteleza, huonekana trekta linapobeba mzigo.

Nyanyua jembe, zima injini na usubiri dakika kumi. Likishuka haraka, mfumo wa haidroliki unavuja. Mikono ikinyanyuka na kushuka kidogo kidogo injini ikiunguruma, dalili ni hiyohiyo. Kwenye matrekta haya pampu ya haidroliki imo ndani ya bodi na hutumia oili moja na ya gia, kwa hiyo oili hiyo nayo ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia na vyote viwili viko hatarini. Jaribu pia shafti ya nyuma inayozungusha mashine ya kupukuchulia mahindi, kwa sababu ndiyo inayoleta fedha baada ya mavuno.

Mbele, inua ekseli kwa jeki na utikise magurudumu. Yakicheza, kingpini au beringi zimelika. Nyuma, angalia nyufa za matairi. Matairi mawili makubwa ya nyuma ni gharama inayoweza kubadili hesabu yako yote, hivyo ulizia bei yake mjini kabla ya kukubaliana.

Usiamini mita ya saa wala rangi mpya. Tazama pedali zilivyolika na matundu ya kuvutia tela yalivyopanuka. Hayo hayapakwi rangi.

Karatasi

Linganisha namba za injini na za bodi na zile za kwenye kadi, na uhakikishe kadi ina jina la anayeuza. Kama iko benki, trekta bado ni dhamana ya mkopo. Lipia kwa utaratibu ambao benki yenyewe imeukubali kwa maandishi. Kama mali ni ya chama cha ushirika, omba muhtasari wa mkutano ulioidhinisha kuuza, maana sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Andikeni mkataba mbele ya mashahidi, kisha ubadilishe umiliki TRA bila kuchelewa.

Mwisho, nenda na fundi wako, si wa muuzaji, na umlipe posho yake hata akikushauri usinunue. Tenga fedha za matengenezo ya mwanzo badala ya kumaliza akiba yote kwenye bei. Na ununue Julai au Agosti, ili ubovu ujitokeze kabla ya mvua. Anayenunua Novemba kwa haraka hana muda wa kukagua, na muuzaji analijua hilo.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Kwa mkulima aliyeuza mahindi ya misimu mitatu au ng'ombe wa familia ili apate trekta, asubuhi moja ya ukaguzi ni gharama ndogo kuliko zote.