Jumba la Nyasi la Makabaka wa Buganda

Mkulima wa Umatengo, wilayani Mbinga, hufyeka majani na kuyapanga shambani kwa mistari inayokatana mfano wa miraba, kisha huyafukia kwa udongo anaouchimba katikati ya kila mraba. Mashimo yanayobaki ndiyo ngolo. Chini ya udongo huo wenye unyevu majani huoza na kuirutubisha mimea. Lakini nyasi zikiezekwa vizuri juu ya paa, hukaa miaka mingi bila kuoza. Tofauti hiyo ndiyo iliyoliwezesha jumba moja la kifalme, lililojengwa kwa miti na nyasi, kudumu zaidi ya karne moja.

Jumba hilo huitwa Muzibu Azaala Mpanga, nalo lipo juu ya kilima cha Kasubi, mjini Kampala, Uganda. Kabaka Mutesa I alilijenga mwaka 1882 liwe ikulu yake. Kwa desturi ya Buganda, kabaka akifariki ikulu yake hugeuka kaburi, na mrithi hujenga yake mahali pengine. Basi Mutesa alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo. Warithi wake watatu nao walizikwa humo humo: Mwanga II, aliyefia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903 na kurejeshwa mwaka 1910, Daudi Chwa II, aliyefariki mwaka 1939, na Edward Mutesa II, aliyefia London mwaka 1969 na kurejeshwa mwaka 1971. Mwaka 1972 mahali hapo paliwekwa chini ya ulinzi wa sheria, na mwaka 2001 UNESCO ilipaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wanafunzi na wageni walifika kutazama mikuki, ngao na picha za wafalme, kama wafikavyo katika nyumba ya makumbusho.

Ujenzi wake

Jumba ni la mviringo, lenye upana wa meta 31 kwa nje na kimo cha meta 7.5 kwa ndani. Paa lake hushuka hadi karibu na ardhi. Ndani yake, dari hushikwa na pete 52 zilizofumwa, ambazo ni mfano wa koo 52 za Buganda. Kazi ya kuezeka ni amana ya ukoo wa Ngeye, yaani wa mbega, nao hurithishana ufundi huo kizazi hata kizazi.

Nguzo huvikwa nguo za gome la mti uitwao mutuba, ulio wa jamii moja na mkuyu. Gome hubanduliwa, likalainishwa kwa joto, kisha likapondwa kwa nyundo za mti hadi liwe jembamba na pana. Shina lililobanduliwa hufunikwa kwa majani ya migomba ili lisikauke, na baadaye gome jipya huota.

Maji na moto

Kuoza ni kazi ya kuvu na bakteria, na viumbe hao huhitaji unyevu. Paa lenye mwinamo mkali huyatiririsha maji kutoka unyasi hata unyasi, yakadondoka ukingoni kabla ya kupenya ndani. Tabaka la juu tu ndilo hulowa, nalo hukauka jua likiwaka. Hata hivyo tabaka hilo huchakaa, na hapo mafundi hulazimika kuezeka upya. Mwaka 1938 jumba liliimarishwa pia kwa chuma, saruji na matofali.

Lakini ukavu uleule unaozuia kuoza hukaribisha moto. Unyasi ni mwembamba, nao umezungukwa na hewa yenye oksijeni. Kwa hiyo hushika moto upesi kuliko gogo zima. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 jumba liliteketea, pamoja na vitu vingi vilivyokuwamo. Wananchi walilia hadharani. Mwaka huohuo UNESCO ilipaingiza mahali hapo katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Mbao na nyasi zingeweza kupatikana tena. Swali zito lilikuwa kama wapo bado watu wajuao kuzifunga, kuzipanga na kuzifuma kwa kanuni za wazee. Mafundi walikuwapo, na kazi ilichukua miaka mingi. Japani ilisaidia, hasa katika kujikinga na moto. Nchi hiyo ina uzoefu wake: katika kijiji cha Shirakawa-go, chenye nyumba kubwa za nyasi, yamewekwa mabomba ya kurusha maji juu ya mapaa, na wanakijiji huezeka kwa kusaidiana. Mwezi Septemba 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya hatari.

Jaribio kwa darasa

Chukueni matita mawili ya nyasi kavu yaliyo sawa. Moja lifukieni katika udongo wenye unyevu. La pili liegemezeni ukutani, chini ya paa. Baada ya majuma sita yalinganisheni kwa rangi, harufu na uimara. Kisha mwulizeni mzee wa kijijini aliyewahi kuezeka: nyasi hukatwa majira gani, hufungwa kwa kamba gani, na ni kijana gani aliyemfundisha kazi hiyo. Andikeni majibu yake yote.