Je, Wajua? Miwani ya Macho Juu ya Pikipiki

Je, wajua kwamba ukiendesha pikipiki kwa kilomita 60 kwa saa, kope zikifumba kwa theluthi moja tu ya sekunde umekwisha kupita zaidi ya mita 5 bila kuona? Anayetoka Masasi na kupandisha Newala, kwenye kona za kuukwea uwanda wa Makonde, anajua mita 5 zinaweza kuamua nini.

Kwa hiyo mwenye miwani ya macho aangalie lenzi kabla ya uzuri wa fremu. Lenzi ya kioo ikipigwa na kokoto hupasuka vipande vikali, tena karibu kabisa na jicho. Ulizia polikaboneti. Plastiki hii ilipatikana mwaka 1953 kwa wakemia wawili, kila mmoja kivyake: Hermann Schnell wa Bayer huko Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric huko Marekani. Kofia za wanaanga wa Apollo waliotembea mwezini zilitengenezwa nayo. Kasoro yake ni kuchubuka upesi, kwa hiyo chagua iliyopakwa utando wa kuikinga. Vumbi letu jekundu lina mchanga, na ukiifuta lenzi kavukavu kwa pindo la shati unaikwaruza mwenyewe. Isuuze kwanza. Maji ni ya shida Newala, nakubali, ila nusu kikombe kinatosha.

Lenzi zinazogeuka nyeusi juani zinapendwa sana, lakini kazi hiyo hufanywa na mionzi ya urujuanimno, na vioo vingi vya helmeti huizuia. Ukifunga kioo, lenzi hubaki nyeupe mchana kweupe. Hata joto hupunguza weusi wake.

Ya hatari zaidi ni miwani ya kusomea inayonunuliwa sokoni bila kupima. Mwenye macho mazima ya mbali akivaa +2.00, kila kilicho mbele ya nusu mita hufifia: shimo, mbuzi, mtoto anayevuka. Hiyo ivuliwe kabla ya kuwasha pikipiki.

Tena mikono ya miwani iwe myembamba na iliyonyooka. Mikono minene hubanwa na helmeti, kichwa huuma, na dereva huishia kuvua kimojawapo. Basi siku ya kwenda kupimwa macho beba helmeti yako, uivae pamoja na fremu hapohapo dukani kabla hujalipa.