Vyombo vya Kale vya Wajapani na Akili Iliyomo Ndani Yake

Fundi wa Kijapani akata ubao kwa kuuvuta msumeno kwake. Hausukumi kama fundi wa Ulaya. Msomaji aweza kudhani kuwa hiyo ni desturi tu, kama vile wengine waandikavyo toka kulia na wengine toka kushoto. Sivyo. Bamba la msumeno likisukumwa hutaka kupinda, kwa hiyo halina budi kuwa nene, au kukazwa katika fremu. Likivutwa hunyoka lenyewe, kama kamba. Basi laweza kuwa jembamba sana, na mti upoteao katika unga ni kidogo. Tena fundi wa zamani alizoea kufanya kazi chini, akikaa au kupiga magoti, pengine ameukanyaga ubao kwa mguu. Na mwili ukaao hivyo huweza kuvuta kuliko kusukuma. Hata randa zao huvutwa vivyo hivyo.

Hapo yaonekana wazi kwamba chombo kimoja ni jawabu la maswali mengi yaliyoulizwa pamoja: ya chuma, ya mti, na ya mwili wa mtu.

Jembe nalo lina maneno yake. Mwaka 1822 Ōkura Nagatsune alipiga chapa kitabu cha vyombo vya ukulima, akachora majembe ya majimbo mbalimbali pamoja na vipimo vyake, maana udongo mzito na udongo wa mchanga haulimwi kwa jembe moja. Majembe mengi ya siku zile yalikuwa na ubapa wa mti, uliovikwa chuma ukingoni tu. Chuma kilikuwa ghali. Ukingo ulipolika mhunzi aliongeza chuma kipya, wala mkulima hakulazimika kununua jembe zima.

Wajapani wana majina mawili kwa mambo haya, na tofauti yake yafaa kuangaliwa. La kwanza ni mingei, lililotungwa mwaka 1925 na Yanagi Sōetsu pamoja na wafinyanzi Hamada Shōji na Kawai Kanjirō. Maana yake ni ufundi wa watu wa kawaida. Yanagi alitafuta uzuri katika mabakuli na nguo za mafundi wasiojulikana majina, na mwaka 1936 nyumba ya kuviweka vitu hivyo ilifunguliwa Tokyo. La pili ni mingu, yaani vyombo vya watu. Hili ni neno la Shibusawa Keizō, mtu wa benki (ajabu kidogo!), ambaye tangu mwaka 1921 alikusanya vitu darini kwa nyumba yake. Yeye hakuchagua kwa uzuri. Alitaka viatu vya majani ya mpunga na vikapu vilivyochakaa, na habari zake: chaitwaje kijijini, nani hukifanya, hutumiwa lini. Mkusanyo wake sasa umo katika makumbusho yaliyofunguliwa Osaka mwaka 1977.

Kwa mtu atakaye kujifunza, mimi naona njia ya Shibusawa ni bora. Jembe lililotundikwa ukutani pasipo jina lake ni bubu. Na mzee aliyelitumia akifa kabla ya kuulizwa, hakuna atakayejua kwa nini mpini ulitiwa kwa pembe ile. Walakini, pasipo macho ya Yanagi mabakuli mengi yangalitupwa.

Mwanawe, Yanagi Sōri, akawa mbunifu wa vyombo vya siku hizi, na tangu mwaka 1977 msimamizi wa nyumba ile ya Tokyo. Kigoda chake cha mwaka 1954 ni vipande viwili vya mbao za tabaka, vilivyopindwa sawasawa na kuunganishwa kwa ufito wa shaba. Hakunakili kitu cha kale, maana katika nyumba za wazee wake watu walikaa juu ya mikeka.