INDA: NENO MOJA, MAANA TATU

Hapana shaka kwamba watu wengi hudhani ugomvi wa maneno hutokana na maneno makali. Ukweli ni kwamba mara nyingi hutokana na maneno mepesi, tena mafupi, ambayo msemaji ameyatamka kwa nia njema na msikilizaji akayapokea kwa maana nyingine. Jambo hili hutokea hasa mahali ambapo lugha mbili au tatu zinaishi chini ya paa moja.

Mahali pa namna hiyo ni Cibitoke, mtaa ulioko kaskazini mwa Bujumbura, katika wilaya ya Ntahangwa. Hata jina lake lahitaji uangalifu. Ndani yake limo neno la Kirundi "ibitoke", yaani ndizi. Na jina hilohilo ni la mji mwingine ulioko kaskazini-magharibi mwa Burundi, karibu na mipaka ya Rwanda na Kongo. Anayesema kwamba anakwenda Cibitoke bila kueleza zaidi huenda akasubiriwa mahali ambapo hatafika.

Katika mtaa huo Kirundi ndicho lugha ya nyumbani kwa walio wengi. Kiswahili husikika sokoni, kwenye gereji na kwenye vituo vya magari, na Kifaransa hutumika shuleni na maofisini. Kiswahili si mgeni wa jana mjini humo. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura mwaka 1897, lugha ya mazungumzo baina yao na askari wao ilikuwa Kiswahili. Tangu wakati huo Kirundi na Kiswahili vimekaa jirani, na kwa kuwa vyote viwili ni vya ukoo wa Kibantu na huandikwa kwa herufi zilezile, ni rahisi mtu kudhani kwamba neno lililoandikwa sawa lina maana sawa.

Neno "inda" ni mfano mzuri. Lina herufi nne tu. Katika Kiswahili, inda ni tabia ya kumtakia mwenzio mabaya na kumfanyia vitimbi bila sababu; mtu mwenye inda hapendwi na majirani. Katika Kirundi, inda ni tumbo. Lakini katika Kirundi hichohicho liko neno jingine linaloandikwa vivyo hivyo, nalo maana yake ni chawa. Basi tumbo, chawa na roho mbaya vimevaa vazi moja.

Na tumbo lenyewe lina mengi. Katika Kinyarwanda, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kirundi, inda ni mimba pia. Warundi wana neno lao la mimba, "imbanyi", lakini inda nayo hueleweka kwa maana hiyo. Tena, kama Waswahili wanavyosema ndugu wa tumbo moja, Warundi nao huwataja waliozaliwa na mama mmoja kwa neno la inda moja.

Sasa natuchukue sentensi fupi ya Kirundi: "Afise inda." Kwa Kiswahili ni kusema, "Ana inda." Mrundi aisikiapo bila maelezo huweza kufahamu kwamba mtu huyo ni mjamzito, au kwamba ana chawa. Mswahili aliyekuja kutoka Kigoma au Uvira, na ambaye Kirundi chake ni kidogo, atafahamu kwamba mtu huyo ana roho mbaya. Tuseme mama mmoja anamweleza jirani yake habari za mke wa mwanawe, kwa furaha, akichanganya Kirundi na Kiswahili kama ilivyo desturi ya mjini: "Mkwe wangu ana inda." Jirani akiyapeleka maneno hayo kisimani jinsi alivyoyafahamu, kabla ya jua kutua binti wa watu atakuwa amepewa sifa asiyostahili, na mama mkwe ataonekana msengenyaji.

Warundi wenyewe hawachanganyikiwi sana, kwa sababu lugha yao ina njia ya kutenganisha. Tumbo ni moja, chawa aghalabu ni wengi. Kwa hiyo "inda yiwe" ni tumbo lake, na "inda ziwe" ni chawa wake. Mgonjwa akisema "Ndababara mu nda", maana yake anaumwa tumboni. Akisema "Inda zirandya", maana yake chawa wanamuuma. Silabi moja, "zi", ndiyo inayomweleza muuguzi kama amtazame mgonjwa tumbo au amkague nguo. Mgeni asiyeijua silabi hiyo hana budi kuuliza.

Isidhaniwe kwamba hilo la chawa ni jambo la mzaha. Burundi inalo fundisho lake. Mwaka 1995 homa kali ilizuka katika gereza la Ngozi, na kufikia mwaka 1997 ilikuwa imeenea katika kambi za watu waliokimbia makwao kwa sababu ya vita, hasa katika nyanda za juu zenye baridi, ambako watu walibanana na nguo za kubadilisha zilikuwa haba. Wagonjwa walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Wananchi waliuita ugonjwa huo "sutama", kutokana na kitenzi "gusutama", ambacho ni ndugu wa neno la Kiswahili "kuchutama". Madaktari walibaini kwamba ulikuwa taifasi, homa inayoenezwa na chawa wa mwilini. Jambo hilo la chawa lilithibitishwa na daktari Mfaransa, Charles Nicolle, huko Tunis mwaka 1909, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1928.

Yafaa familia zikumbuke jinsi ugonjwa huo unavyoambukiza. Chawa wa mwilini hukaa katika mishono ya nguo. Akimuuma mtu huacha kinyesi juu ya ngozi, na mtu anapojikuna vijidudu huingia katika michubuko. Dawa za kuponya zipo na hufanya kazi vizuri zikitolewa mapema. Kinga nayo haina gharama kubwa: kubadili nguo, kuzifua kwa maji ya moto sana pamoja na mablanketi, na kuzipiga pasi barabara kwenye mishono. Askari walalao wengi katika bweni moja wanaijua kanuni hiyo, na yafaa ifuatwe nyumbani pia. Basi mgonjwa mwenye homa anayetaja inda, naye anayemsikiliza akaandika "tumbo" bila kuuliza, huenda akapewa dawa isiyomfaa.

Je, imekuwaje neno moja likawa na maana zilizo mbali hivi? Kwa upande wa tumbo, jibu limo ndani ya Kiswahili chenyewe. Naam, limo katika neno "ndani". Neno hilo limejengwa kwa mzizi wa kale wa Kibantu uliokuwa na maana ya tumbo, pamoja na kiambishi "ni" cha mahali. Waswahili walilichukua tumbo wakalifanya kuwa mahali, kisha kwa tumbo lenyewe wakatumia neno jingine. Wakikuyu wa Kenya bado wanasema "nda" kwa tumbo. Washona wa Zimbabwe wamebaki na chawa peke yake: kwao "inda" ni chawa, na tumbo ni "dumbu". Na mtu akienda mbali zaidi, kwa Wahausa wa Nigeria na Niger, ambao lugha yao si ya Kibantu, atalikuta "inda" likiwa na maana ya "mahali ambapo". Hapo hakuna udugu wowote, ni sauti zilizokutana tu.

Mambo haya si ya Afrika pekee. Huko Ulaya ya mashariki ziko lugha zinazoandikwa kwa herufi za Kisirili, zikiwemo Kirusi, Kibulgaria na Kiserbia. Lugha hizo zina neno moja fupi, "zhivot". Mrusi akilitamka anataja tumbo. Mbulgaria na Mserbia wakilitamka wanataja uhai. Zamani Warusi nao walilitumia kwa maana ya uhai, lakini baadaye maana ikahama. Herufi ni zilezile na asili ni ileile, lakini mmoja anaumwa tumbo na mwingine anazungumzia maisha yake.

Somo hili linawahusu wote, lakini linamhusu zaidi mtu ambaye maneno ya wengine hupita katika kalamu yake. Polisi anapoandika maelezo ya raia, neno aliloliandika halibaki kuwa mazungumzo, huwa ushahidi. Mwanamke akieleza kwamba mwenzake alisukumwa hali "ana inda", na mwandishi akatafsiri kuwa alikuwa na chuki, basi aliyedhulumiwa amegeuzwa kuwa mchokozi, na mimba iliyokuwa hatarini imefutwa katika karatasi. Askari anayemhoji msafiri kizuizini, muuguzi zahanati, mwalimu aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine, wote wamo katika hatari hiyohiyo.

Njia ya kujilinda ni nyepesi. Kwanza, neno na liandikwe kama lilivyotamkwa, katika lugha ya msemaji, ndipo tafsiri ifuate. Pili, msemaji na aombwe aeleze kwa maneno mengine, au aonyeshe kwa mkono: anayeshika tumbo na anayeshika ukosi wa shati hawasemi jambo moja. Tatu, habari iliyomchukiza msikilizaji isichukuliwe hatua kabla ya kuuliza, "Una maana gani, ndugu?"

Watoto wanaokulia Cibitoke hujifunza uangalifu huo mapema, kwa sababu kila siku hutumwa dukani kwa lugha moja na kujibiwa kwa nyingine. Wakubwa nao wasione haya kuufuata mwendo huo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Na mtu auulizaye maana ya neno kabla ya kulijibu ameokoa udugu, na pengine ameokoa uhai.