Kicheche na Mbwa wa Nyumbani

Nataka kuwaeleza wasomaji, na hasa ninyi wanafunzi wa zamani ambao sasa mna miji yenu na mbwa wenu, habari za mnyama mdogo aitwaye kicheche. Hapa Bwizibwera watu wengi wamemjua kwa pua kuliko kwa macho, kwa sababu yeye hutembea usiku. Asubuhi upepo ukivuma toka upande wa ghala, kila mtu humtazama mwenziwe kwa shaka.

Kwanza niseme habari ya jina, maana wengi huchanganya. Katika vitabu vya Kiingereza twasoma habari za skanki, na walimu hutufasiria kuwa ni kicheche. Lakini skanki ni mnyama wa Amerika. Huyu wetu ni wa jamaa nyingine, jamaa ya nyegere na fisi maji, na Wazungu humwita zorila, neno litokalo katika Kispania, maana yake mbweha mdogo. Wamefanana kwa rangi na kwa silaha tu. Kicheche ni mweusi, ana mistari minne myeupe mgongoni toka kichwani hata mkiani, na madoa meupe usoni. Bila mkia, urefu wake wazidi kidogo tu rula ya shule, na uzito wake kwa kawaida haufiki kilo moja na nusu.

Silaha yenyewe ni maji yatokayo katika tezi mbili chini ya mkia. Hayatumii ovyo. Kwanza husimamisha manyoya, huinua mkia, hunguruma, na kumgeuzia adui mgongo. Pengine hulala chini kama mzoga. Mtu mwenye akili huondoka polepole hapo hapo. Mbwa hana akili hiyo. Yeye huona mkia umeinuliwa, akadhani ameitwa kucheza.

Je, afaa kuuawa? Mimi nasema hapana. Chakula chake ni mende, funza wa ardhini, panya, na hata nyoka. Ni kweli kwamba huiba mayai, na kifaranga akimpata hamwachi; lakini dawa ya hayo ni banda la kuku lililoinuliwa juu ya ardhi na kufungwa jua likichwa. Akifanya makao chini ya ghala lako, nyunyiza majivu mbele ya tundu wakati wa jioni. Ukiona nyayo za kutoka bila za kurudi, ziba kwa mawe. Ila sikiliza kwanza: kama kuna sauti za watoto ndani, ngoja majuma kadhaa mpaka waweze kumfuata mama yao, ama sivyo watakufa humo, na harufu ile itakuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nyumbani kwetu ni Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, ambako tunakaa pamoja na watu wa Kongo, Rwanda, Burundi na Somalia. Likizo iliyopita mbwa wa mjomba alirudi alfajiri akilia na kusugua uso katika majani. Harufu iliamsha nyumba sita. Kila jirani akaja na dawa ya kwao: huyu nyanya, huyu majivu, yule moshi wa majani mabichi. Mjomba alikwisha sema kwamba atamtupa mbwa huyo mbali. Ndipo mkaza mjomba aliposhika taa, akafunua mdomo wa mbwa, akasema, "Jamani, ninyi mwaosha harufu. Na jeraha hili je?" Kweli, palikuwa na alama za meno mdomoni. Kicheche alikuwa ameuma pia.

Kelele zikakoma. Harufu huisha yenyewe, lakini kichaa cha mbwa hakina dawa dalili zake zikisha kuonekana. Ugonjwa huu hukaa katika mate, nao huweza kumshika mnyama ye yote anyonyeshaye. Kwa bahati mbwa yule alikuwa amechanjwa mwaka uliotangulia, na cheti kilikuwapo. Mjomba alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akaosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, na siku ile ile daktari wa mifugo akamchanja tena, akaamuru afungwe peke yake na kuangaliwa. Yu hai hata sasa.

Nisimsingizie kicheche. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba karibu watu wote wapatao ugonjwa huu, kama 99 katika 100, huupata kwa mbwa. Kwa hiyo mbwa asiyechanjwa ni hatari kuliko kicheche wote wa Ankole. Lakini mnyama wa usiku aonekanaye mchana akipepesuka, au asiyeogopa watu, usimkaribie. Na mtu akiumwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile bila kungoja dalili. Chanjo ya binadamu ipo tangu 1885, Louis Pasteur alipomtibu mtoto Joseph Meister huko Paris.

Baada ya jeraha, ndipo harufu. Nyanya hazifai; huidanganya pua tu. Mwaka 1993 Paul Krebaum, mtaalamu wa kemia wa Marekani, alitoa dawa hii kwa ajili ya skanki: lita moja ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, iuzwayo katika duka la dawa, robo kikombe ya baikabonati (si hamira), na sabuni ya maji kijiko kidogo. Oksijeni yake hubadilisha vitu vya salfa vinavyonuka. Changanya katika beseni wazi, mpake mbwa mara hiyo hiyo nje ya nyumba, ukikinga macho yake, ngoja dakika tano, kisha msuuze. Usiitie dawa hii katika chupa na kuifunga, maana itapasuka. Tena hufifisha rangi ya manyoya, kwa hiyo mwenye mbwa mweusi asishangae akimwona amekuwa wa kahawia.