Mbele ya kuhamisha kanyumba ka kooperative, jaribuni kwanza batri ya kubeba



Fasi mingi ya Kivu, kooperative iko na kanyumba ka mbao: chumba kimoja ao viwili, mabati juu, mawe ya volkano chini. Ndani kuko meza ya sekretere, mizani, ordinatere na magunia. Faida ya kanyumba ka namna hiyo ni kwamba kanaweza kuhama. Mafundi wanakabomoa, mbao zinapakiwa, na siku chache kisha kanasimama fasi ingine. Lakini waya za umeme hazihami pamoja nako. Kooperative inayotoka kandokando ya barabara kubwa na kwenda kujenga karibu na kituo cha kuosha kahawa, mara nyingi inakuta giza.

Njo maana wengi wananunua batri ya kubeba: kasanduku kenye batri ya lithiumu, prizi pembeni, kioo kenye kuonyesha asilimia, na tundu la kuunganisha paneli ya jua. Ni chombo kizuri. Lakini ni lazima kukijaribu wakati kanyumba kangali kwenye kiwanja cha zamani, si kisha ya kuhama.

Juu ya nini haraka hiyo?

Kahawa nyekundu inavunwa mchana na inafika kituoni magaribi. Inapaswa kupimwa na kumenywa usiku uleule. Ikilala ndani ya gunia mpaka asubuhi, inaanza kuchacha na bei inashuka. Taa zikizimika wakati watu wangali kwenye mstari, mkulima anaandikiwa kilo kwa kukisia, na hapo ugomvi unaingia katika kooperative. Umeme wa mizani na wa taa ni umeme wa kuaminiana.

Namba ya kwenye karton

Nguvu ya batri inahesabiwa kwa wati-saa. Ampuli ya wati 10 ikiwaka saa moja, imekula wati-saa 10. Kama karton imeandikwa 1000, musihesabu 1000. Kugeuza umeme wa batri kuwa umeme wa prizi wa voliti 220 kunakula sehemu yake. Kwa kawaida munabaki na 850 hivi. Tena, prizi ikiachwa wazi, sanduku linajikula lenyewe hata kama hakuna kitu kimechomekwa. Wati 10 kwa masaa 10 ya usiku ni wati-saa 100 zimeenda bure.

Tuhesabu siku moja ya kupokea kahawa:

- Ampuli 4 za wati 7, masaa 6: wati-saa 168
- Mizani ya wati 5, masaa 8: 40
- Simu 8, kila moja 15: 120
- Ordinatere ya wati 50, masaa 4: 200
- Sanduku lenyewe, prizi wazi masaa 10: 100

Jumla ni 628. Sanduku la 850 linatosha siku moja na kidogo tu. Mawingu yakifunika siku mbili, siku ya pili mizani inazimika.

Sasa muangalie upande mwingine. Ordinatere ibaki kwa kazi ya siku ya jua. Ampuli ziwe za voliti 12, zichomekwe kwenye tundu la voliti 12. Simu zichajiwe kwenye matundu ya USB, na mizani iwe ile yenye batri yake ndani. Prizi ya 220 inafungwa. Matumizi yanashuka mpaka 328, na sanduku lilelile linashika zaidi ya siku mbili na nusu. 

Majaribio manne

*1. Kumaliza batri.* Chajini mpaka 100. Chomekeni vitu ambavyo wati zake munazijua, kama ampuli kumi za wati 7. Andikeni saa ya kuanza, na asilimia kila saa, mpaka sanduku lizime lenyewe. Wati mara masaa ndiyo nguvu ya kweli. Muangalie pia mwisho: sanduku zingine zinashuka polepole mpaka 15, kisha zinaanguka gafla. Kama yenu ni hivyo, 15 kwenu ni sifuri.

*2. Siku mbili bila waya.* Kateni umeme wa nyumba siku mbili za kazi ya kweli, usiku pia, mutumikie batri peke yake. Sekretere aandike kila kitu kinachochomekwa na nani amekichomeka. Hapo ndipo zitaonekana simu za majirani ambazo hazikuwa kwenye hesabu.

*3. Vitu vyenye mota.* Frigo ya chanjo za kuku, ikianza kuzunguka, inavuta mara nyingi zaidi ya wati zilizoandikwa kwenye kibandiko chake, kwa kitambo kidogo tu. Sanduku linaweza kukataa na kuzima. Jaribuni frigo ikiwa peke yake, kisha pamoja na vitu vingine. Pasi na resho ya umeme musizichomeke: kila kitu kinachotoa joto kinakula wati mingi. Mashini ya kumenya kahawa ibaki na injini yake ya mafuta.

*4. Jua la kiwanja kipya.* Bebeni sanduku na paneli mpaka kwenye kiwanja kipya, mukae pale siku nzima, mbele ya kuweka mawe ya fondasio. Paneli ya wati 200 haitoi 200. Kwa jua zuri la masaa manne hivi munaweza kupata wati-saa 600. Siku ya mawingu mazito, 150 ao chini. Muangalie kivuli cha mlima asubuhi na cha mikaratusi magaribi. Kivuli cha tawi moja juu ya kona ya paneli kinaweza kupunguza sana umeme wake wote. Kama kivuli kiko, sogezeni kanyumba mita chache wakati kungali karatasi tu.

Jaribio la kiangazi linadanganya

Karibu na Goma na Bukavu, Juni mpaka Agosti ni jua. Lakini sehemu kubwa ya mavuno ya kahawa inaangukia katika mvua ya Machi mpaka Mei. Ni kusema kazi inakuwa mingi wakati jua linakuwa kidogo. Mukijaribu mu mwezi wa saba, gaweni kwa mbili umeme wa paneli mulioandika, kisha muulize kama ungali unatosha. Kama hautoshi, mara nyingi paneli ya pili itawasaidia kwa bei ya chini kuliko sanduku la pili.

Siku ya kuhama

- Sanduku lisafiri likiwa na nusu ya umeme hivi, limezimwa, waya zote zimetolewa, ndani ya karton yake.
- Lisiwekwe chini ya mbao wala pembeni ya bidoni ya mafuta. Kwenye boti, lifungwe ndani ya plastiki.
- Likianguka kwa nguvu, likivimba, likitoa harufu ao likiingia maji, lisichajiwe tena. Wekeni inje, mbali na nyumba.
- Kwenye kanyumba kapya, lisikae chini ya mabati yenye kuchoma wala lisifunikwe magunia. Joto linazeesha batri.
- Musiunganishe kamwe prizi ya sanduku na waya za ukutani kwa kutumia waya yenye vichwa viwili. Inaweza kuua mtu.

Muulize pia aina ya batri mbele ya kulipa. Ile iliyoandikwa LiFePO4 kwa kawaida inavumilia kuchajiwa mara 2000 na zaidi. Lithiumu ya aina zingine mara nyingi inachoka mbele ya mara 1000. Fakture ichungwe, na majaribio yafanywe katika siku ambazo muuzaji angali anakubali kubadilisha.

Kartasi ya majaribio yenu, yenye masaa na asilimia, isomwe kwenye mkutano mkuu mbele ya kuamua siku ya kubomoa. Wanamemba ambao walichanga pesa ya kununua sanduku wako na haki ya kujua litawasha taa usiku ngapi.