Saruji Haiondoi Risasi Kwenye Tope

Tope linalobaki baada ya kusafisha majitaka lina rutuba ya kutosha, lakini lina pia zinki, shaba, risasi na kadimi. Likichanganywa na saruji hukauka, harufu hupungua, nalo humeguka kama udongo. Wengi hulitaka kwa kufukia mashimo. Metali zimekwenda wapi? Hazijaenda popote, zimefungwa tu, na kufuli lenyewe ni alkali ya saruji zaidi kuliko ugumu wake, kwa sababu mabaki ya viumbe yaliyomo topeni huizuia saruji isigande vizuri.

Alkali hiyo hupandisha pH hadi 12 au zaidi, na metali nyingi hugeuka chembe zisizoyeyuka. Risasi na zinki zina tabia yake: hutulia pH ikiwa karibu 9 au 10, ikipanda sana huyeyuka upya.

Hapo ndipo vipimo vya uvujaji wa metali vinapoweza kutuhadaa. Kipimo cha TCLP cha Marekani hutaka sampuli ivunjwe hadi ipite kwenye chekeche la milimita 9.5, itiwe kwenye chupa yenye maji ya asidi ya siki, mara 20 ya uzito wake, kisha chupa izungushwe kwa takriban saa 18. Risasi katika maji hayo isizidi miligramu 5 kwa lita. Saruji ikimeza asidi ile, pH inaweza kutua palepale risasi isipoyeyuka, na sampuli ikafaulu. Itikise sampuli hiyohiyo kwa maji matupu: pH hubaki juu, na risasi inaweza kutoka nyingi zaidi. Udongo wa kufukia hunyeshewa mvua, haumwagiwi siki. Tena kikomo kile ni mara 500 ya miligramu 0.01 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani huweka kwa maji ya kunywa.

Tazama pia rangi ya maji yanayotoka. Mara nyingi ni kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea: alkali imeyeyusha mboji, na mboji hiyo hubeba shaba.

Miaka ikipita, hewa ukaa huingia kutoka nje na kushusha pH taratibu. Vunja bonge la zamani, linyunyizie fenolfthaleini, kiashiria cha alkali: kiini huwa cha waridi, ukingo hubaki bila rangi. Ule ukingo umeshapoteza alkali yake. Risasi inaweza kutulia kwa muda, lakini pH ikiendelea kushuka, kadimi na zinki hulegea, na mboga za majani kama mchicha huvuta kadimi kwa urahisi.

Kwa hiyo mimi ningelikubali tope hili chini ya barabara, mbali na visima, na ningelikataa bustanini. Anayeliuza na aonyeshe matokeo ya maji matupu na ya pH mbalimbali, kuanzia 4 hadi 13, kwa bonge bichi na kwa lililokaa nje misimu kadhaa ya mvua.